Sari ya Kanchipuram niliyoinunua Tabora

Mwezi mmoja kabla ya sendofu ya binti wa dada yangu, kamati ya kina mama iliamua kwamba mama wadogo na mashangazi tuvae sari, nami nikaingia katika duka moja la vitambaa lililo karibu na soko kuu la Tabora nikiwa na wasiwasi, kwa sababu miaka michache nyuma niliuziwa mahali pengine sari iliyoitwa hariri, kumbe ilikuwa poliesta ya kung'aa.

Mama mwenye duka hakuanza na bei. Alichomoa uzi mmoja kwenye matamvua ya sari ya Kanchipuram, mji wa wafumaji ulioko Tamil Nadu, kusini mwa India, akauchoma kwa kiberiti mbele yangu. Ulinuka kama nywele zinazoungua na kuacha majivu yaliyosagika vidoleni, ilhali uzi wa sari ya bei nafuu uliyeyuka ukawa kidonge kigumu. "Sasa chagua mwenyewe, mama," akaniambia. Kwa jambo hilo peke yake ningerudi dukani kwake.

Nilichagua ya rangi ya zambarau yenye pindo la kijani. Aliyezoea kanga ataielewa upesi, kwani nayo ina mji na pindo, ila hapa hakuna kilichochapwa: katika ufumaji uitwao korvai, mji na pindo hufumwa kwa mishindio tofauti, yaani nyuzi zinazopita kwa upana wa nguo, inayoshikamanishwa papo hapo kwenye kitanda cha mfumi, ndiyo maana zambarau na kijani hukutana kwenye mstari mmoja bila kuingiliana. Zari halisi ni uzi wa hariri uliozungushiwa fedha na kupakwa dhahabu, nao ndio huipa nguo uzito. Uzito huo niliufurahia mno ukumbini. Marinda yaliyochomekwa kwenye gaguro yalitulia tangu jioni hadi usiku wa manane, hata tulipocheza, na sikulazimika kushikilia bega kila dakika kama nilivyofanya na ile ya poliesta, ambayo huteleza na kubana joto.

Huduma yao ina kasoro mbili. Fundi wa dukani alibana makwapa ya blauzi, ikabidi ifumuliwe. Pia sari haikuwa na lebo ya Silk Mark, alama ya hariri safi inayotambuliwa na Bodi Kuu ya Hariri ya India, na kwa shilingi 480,000 mnunuzi anastahili uthibitisho huo pamoja na maelezo ya utunzaji. Mimi niliyapata kwa jirani yangu mwenye asili ya Kigujarati: manukato yasipulizwe juu ya zari kwa kuwa huifubaza, nguo ifungwe ndani ya kitambaa cha pamba, na kila baada ya miezi michache ikunjuliwe na kukunjwa upya mahali pengine ili nyuzi zisikatike kwenye mkunjo.

Sikukuu ya Idi niliivaa tena, safari hii na blauzi nyeupe ya mikono mirefu pamoja na mtandio mwepesi, bila mkufu wowote, na hakuna aliyeitambua kuwa ni ile ya sendofu. Binti wa kaka yangu ameshaiomba kwa ajili ya mahafali yake, nami nimemkubalia kwa sharti kwamba pini aje nimfunge mwenyewe.