Kopo "la macho" na jicho la mwanangu: uzoefu wangu, Lamu

Kopo la maziwa ya unga ya mtoto mchanga, la gramu 400, nililinunua shilingi 2,350. Lilitoka duka la dawa Mombasa, wifi yangu akaniletea ndani ya mkoba wa nguo. Kopo nililokuwa nampa mwanangu kabla yake lilikuwa shilingi 1,400, hapa hapa mtaani Langoni. Hizo shilingi 950 za juu nilizilipa kwa sababu ya jicho.

Alipokuwa na miezi miwili nililiona jicho lake la kushoto likiingia ndani, kuelekea puani, kisha likarudi. Mavyaa alikuwa ameshaliona kabla yangu. Alinyamaza siku kadhaa kwa kunionea huruma, mwisho akanambia, "Mwanangu, huyu mwana ana makengeza. Tusijifiche." Kwenye chanjo ya wiki ya kumi nikamuuliza muuguzi. Akanituliza: macho ya mtoto mchanga huzurura, na mengi hutulia yenyewe akifika mwezi wa tatu au wa nne. Akaongeza kwamba jicho likiingia moja kwa moja lisitoke, au miezi minne ikipita na bado linakwenda, nimpeleke kwa mtu wa macho. Mimi nilishika lile la "hutulia" tu. Hili la pili lilinipita, na ndilo lililokuwa langu.

Likizo ya uzazi ya miezi mitatu ikaisha. Nafanya kazi kwenye nyumba ya wageni Shela, naondoka na boti asubuhi na kurudi alasiri. Nilikuwa nakamua usiku, lakini hayakumtosha mchana wote, ikabidi kumwongezea ya kopo. Tangu hapo kila aliyemtazama usoni aliniuliza anakunywa maziwa gani. Shangazi yangu wa Mombasa akasema yako maziwa ya macho, watoto wa jirani yake wametumia na macho yao mazuri. Nikaangalia na video za mama wa nchi za nje wakisifu kopo lile lile. Hapa Kenya sheria ya mwaka 2012 inakataza maziwa ya watoto wachanga kutangazwa kwa wananchi, lakini simu haina mpaka, na maneno ya shangazi hayana sheria.

Sasa kopo lenyewe. Kama chakula sina la kulilaumu. Unga wake unayeyuka vizuri, hauachi madonge, na mwanangu alilipokea bila kutapika. Choo kilikuwa kigumu siku tatu za mwanzo kisha kikakaa sawa. Kilichonivuta mimi ni herufi tatu, DHA, zilizoandikwa kubwa. Hayo ni mafuta ya aina fulani; yamo katika maziwa ya mama, yamo katika samaki, na yamejaa katika retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Kwa hiyo si uongo kwamba jicho linayatumia. Ila usiku mmoja niliyaweka makopo yote mawili mezani, nikasoma yale maandishi madogo ya nyuma mstari kwa mstari. Lile la shilingi 1,400 nalo lina DHA. Limetengenezwa Ulaya, na huko tangu mwaka 2020 sheria inalazimisha mafuta hayo yawemo katika maziwa yote ya watoto wachanga. Nililia usiku ule. Nilikuwa nimeshanunua makopo saba, mengine yameletwa kwa basi hadi Mokowe, gati ya ng'ambo bara, na tofauti yake peke yake ni shilingi 6,650. Hiyo ni nauli yangu ya kwenda Mombasa na kurudi, na ada ya kumwona daktari juu yake.

Na jicho? Kwa wiki tisa lilizidi. Mwanzo lilikuwa likiingia akichoka, mwisho likawa limeingia kutwa.

Kabla sijafika kwa daktari, niseme kidogo kuhusu maji, maana hapa kisiwani maji yana hatari kuliko jina la kopo. Visima vingi vya mjini vina chumvi, na kuchemsha hakuondoi chumvi; maji yakipungua kwa moto chumvi inakaza. Figo za mtoto mchanga haziwezi mzigo huo. Mimi nilinunua maji matamu ya kunywa na bado nikayachemsha, kwa sababu unga wenyewe haukuuliwa vijidudu vyote kiwandani. Maji yachanganywe yangali moto, yasiwe chini ya nyuzi 70, ndipo uyapoze kwenye beseni la maji baridi hadi mtoto aweze kunywa. Nilimwachia mavyaa chupa ya chai yenye maji yaliyotoka kuchemka. Tulitia maji kwanza, unga baadaye, kijiko kimesawazishwa kwa kisu. Yaliyobaki kwenye chupa baada ya saa mbili tulimwaga. Nakiri kopo la bei ghali linakutia kishawishi cha kupunguza kijiko ili lifike mwisho wa mwezi. Usipunguze, mama mwenzangu. Afadhali kopo la bei nafuu kwa kipimo kamili. Na kopo lililoandikwa namba moja, la tangu kuzaliwa, linatosha mpaka mwaka; sikununua namba mbili, la kuanzia miezi sita.

Alipotimiza miezi mitano na nusu mume wangu akasema basi, twende. Tulivuka Mokowe alfajiri, tukapanda basi, tukapita Witu, Garsen na Malindi, tukaingia Mombasa jioni mtoto amechoka hoi. Kliniki siitaji, kwa sababu sitaki ionekane natangaza, na pia kwa sababu nina lalamiko: tulikaa kwenye benchi kutoka saa mbili asubuhi hadi saa saba na nusu mchana, na hakuna pembe hata moja ya mama kunyonyesha akiwa amejisitiri. Nilijifunika kwa leso mbele ya watu.

Lakini daktari alipoanza, nilisahau benchi. Alimulika tochi ndogo akatazama kile kinukta cha mwanga kinachong'aa kwenye macho. Kulia kiliangukia katikati ya mboni, kushoto kikaangukia pembeni kwa nje. Akaniambia wako watoto ambao pua yao bado bapa na ngozi ya pembe ya jicho imefunika weupe wa ndani, wakaonekana wana makengeza na hawana. Kwao kinukta hukaa mahali pamoja kwenye macho yote mawili. Wangu hakuwa mmoja wao. Akaziba jicho la kushoto, mtoto akaendelea kucheza. Akaziba la kulia, mtoto akalia na kuusukuma mkono. Hapo mimi mwenyewe nilielewa kabla ya kuambiwa. Kisha matone ya kupanua mboni, kungoja tena, na mwanga mwingine huku akibadilisha vioo mbele ya jicho. Jicho la kushoto lilihitaji lenzi yenye nguvu zaidi kuliko la kulia. Akachungulia ndani pia, kuhakikisha hakuna mtoto wa jicho wala uvimbe. Akatuambia mboni ikionekana nyeupe, hata kwenye picha ya simu, hiyo haingojwi hata wiki moja, kwa sababu inaweza kuwa saratani.

Nikamuuliza la maziwa. Nilikuwa nimebeba kopo ndani ya mkoba. Alilishika, akasoma, hakunicheka. Akasema, "Mama, haya yanamlisha mtoto wako na yanamlisha vizuri. Jicho halinyooshwi na chakula." Akanieleza kwamba la kushoto ni jicho vivu, na hilo halimaanishi jicho limeoza. Ubongo unapopokea picha mbili zisizolingana, unaiacha moja. Ukizoea kuiacha, lile jicho halijifunzi kuona, hata likiwa zima. Ubongo hufundishika mtoto akiwa mdogo, hasa kabla ya miaka saba, na kadiri unavyochelewa kazi inakuwa nzito. Nikamwambia nimechelewa wiki tisa. Akasema miezi mitano na nusu bado ni mapema, wengine huletwa wakiwa darasa la kwanza.

Tulitoka na miwani ya kuagiza, yenye mkanda wa kufungia kichwani, na plasta za kuziba jicho la kulia, lile zima, saa moja kwa siku, ili la kushoto lifanye kazi. Miwani ilitujia kwa basi baada ya siku kumi na mbili, ikamkaa sawasawa. Plasta ndiyo kazi. Wiki ya kwanza aliinyofoa mara nne kwa siku na nyusi zikatoka nayo. Mavyaa ndiye aliyegundua kupaka mafuta ya nazi pembezoni kabla ya kuibandua, na kuibandika mtoto akiwa ameshiba na yuko macho, kisha kumkalisha barazani aone punda wakipita. Punda walisaidia kuliko kitu chochote cha dukani.

Kopo lile nalipatia nyota mbili, kwa uzuri wake wa chakula; la Langoni, nne. Kliniki nne, na ya tano wataipata wakiweka pazia pembeni kwa ajili ya mama wanaonyonyesha.

Sasa ana miezi kumi na tatu, kopo tumeliacha, anakunywa maziwa ya ng'ombe yaliyochemshwa na bado ananyonya usiku. Akivaa miwani jicho linakaa karibu sawa, akiivua linaingia. Daktari amesema huenda baadaye misuli ikahitaji upasuaji, ataamua akishaona lenzi na plasta zimefikisha wapi. Juzi daktari wa hapa alimziba la kulia, na safari hii hakulia. Aliendelea kunyosha mkono kuchukua bangili yangu. Miadi ya Mombasa ni mwezi ujao, tiketi za basi tumeshakata.