BOD2: mashine iko vizuri, kazi iko kwenye pampu

BOD2 ni printa ya kuchapa kuta za nyumba, ya COBOD, kampuni ya Denmark. Ndiyo iliyochapa kuta za Mvule Gardens kule Kilifi, mradi wa nyumba 52 wa kampuni ya ujenzi ya 14Trees. Nyumba 10 za mwanzo zilichapwa ndani ya wiki 10 kwa mashine moja. Malawi, mwaka 2021, kuta za shule zilikamilika kwa saa 18. Saa hizo ni za kuta tu. Msingi, paa, milango, mabomba na umeme bado ni kazi ya mafundi, na ndiko pesa nyingi zinakokwenda. Anayekuahidi nyumba kwa siku moja, muulize paa litaezekwa lini.

Umbo lake ni fremu ya chuma inayoungwa kwa vipande vya mita 2.5, kwa hiyo unaipanua au kuipunguza kufuata ramani. Mdomo unaotoa mota (mchanganyiko laini wa saruji) hutembea juu ya fremu hiyo. Kwa nyumba moja ya mtu binafsi hatuipendekezi: kuisafirisha, kuifunga kwa kreni na kuifungua kunakula faida yote. Kwa nyumba nyingi kwenye kiwanja kimoja, inalipa.

Katalogi inataja kasi ya hadi mita 1 kwa sekunde. Usipange ratiba kwa namba hiyo. Chukua nyumba ndogo ambayo mdomo unatembea mita 80 kila tabaka, pande mbili za ukuta zikihesabiwa, tabaka likiwa na upana wa sm 5 na kimo cha sm 2. Kwa sm 20 kwa sekunde, tabaka moja ni karibu dakika 7. Ukuta wa mita 2.8 una matabaka 140, yaani saa 15 na nusu bila kusimama hata mara moja. Mota itakayotumika ni kama mita za ujazo 11, takribani tani 20 za unga mkavu. Huo unga maalumu ndio gharama ya kuuliza kabla ya bei ya mashine.

Sasa pampu. Mota inatakiwa ipite kwenye mpira wa kutoka pampu hadi mdomoni kwa ulaini, kisha ikitoka ishike umbo na kubeba tabaka linalofuata. Nusu lita ya maji ya ziada kwenye mfuko wa kilo 25 inatosha kuharibu mambo. Tazama mdomoni: tabaka likitoka na mipasuko pembeni kama meno ya msumeno, mchanganyiko umekauka mno, liking'aa na kutandaa, maji yamezidi, na baada ya matabaka machache ukuta utaanza kubonyea chini. Anayesimamia pampu lazima awe na uwezo wa kumwambia mwenye kompyuta apunguze kasi papo hapo. Wasipoelewana hao wawili, hakuna programu itakayowaokoa.

Joto la mchana pwani ni adui. Mota huanza kushika ndani ya mpira, presha inapanda, mpira unaziba. Chapeni usiku au alfajiri, mpira uwe kivulini, maji yawe ya baridi. Mkisimama muda mrefu, osheni mpira mara moja, na tabaka la juu lililokwisha kauka likwaruzwe na kuloweshwa kabla ya kuendelea. La sivyo hapo patabaki ufa wa kupitisha maji ya mvua.

Jamvi, yaani sakafu ya zege inayobeba kuta, nalo lipimwe kwa leza. Kosa la sm 1 ni nusu ya kimo cha tabaka: upande mmoja mdomo utakwangua, upande mwingine mota itaanguka ikijikunja kama kamba.

Mikono ya watu haikwepeki. Waya za kufunga pande mbili za ukuta hulazwa kwa mkono, maboksi ya swichi hukatiwa mota ikiwa mbichi, nondo husimamishwa kwenye matundu na kumwagiwa zege, linta (mihimili ya juu ya milango na madirisha) hunyanyuliwa mashine ikiwa imesimamishwa. Hapo pana hatari: fremu haimwoni mtu. Asiingie yeyote ndani ya fremu mpaka mwenye kitufe cha dharura aseme kwa sauti kwamba imesimama.

Ukuta ukikamilika, funikeni kwa nailoni siku hiyohiyo na mwagilieni maji siku 7. Hakuna fomu ya mbao (mbao za kushikilia zege) inayoukinga ukuta na upepo wa bahari, na kuta hizi nyembamba hupasuka haraka kuliko zege la kawaida.