Paka aliyekimbia moto: sahani ya chakula au mtego?

Moto wa nyika ukishapita, paka hujificha kwenye karavati au chini ya gari lililoungua, na hata akimsikia mwenyewe akimwita, hatoki. Usiku ndio hunyemelea nje.

Unaweza kumwekea chakula na maji mahali pamoja, saa ileile kila jioni, kisha ukae mbali. Haimtishi, ila huchukua siku nyingi, na wanyama wengine humaliza sahani kabla yake.

Au utege kizimba: samaki wa kopo ndani, akikanyaga kibao mlango unajifunga. Usiuache mtego bila mtu wa kuuchungulia. Akinaswa atarukaruka, funika kizimba kwa shuka, atatulia. Kwa paka anayechechemea mimi sisiti, natega siku hiyohiyo, maana nyayo zilizoungua huingia uchafu haraka. Usimpake mafuta wala dawa ya meno (watu hufanya hivyo!). Mpeleke kwa daktari wa mifugo, akaangaliwe pia kama ana chipu, kile kidude kidogo chini ya ngozi chenye namba ya kumtambua mwenyewe.

Aliye mzima lakini mwoga, mlishe siku kadhaa ndani ya mtego huohuo, mlango umefungwa kamba usishuke. Akishazoea, fungua kamba.