Tangi la lita 150, filta na kipimo cha matone: miezi 14 na samaki wa dhahabu wawili

Nianze na kilichonifikisha hapa maana bila hicho haya yote hayataeleweka. Nilikuwa na samaki wa dhahabu watatu kwenye bakuli la kioo la duara, lita 8 hivi, na maji yalikuwa yanang'aa kabisa. Kila jumapili namwaga yote, naosha kokoto zote mpaka zitakate vizuri, naweka maji mapya ya bomba, narudisha samaki. Mwezi wa pili mmoja akaanza kukaa juu juu tu anahema mdomo ukiwa usawa wa maji, nikadhani ana njaa nikamuongezea chakula. Kesho yake asubuhi nikamkuta amelala ubavu chini. Iliniuma sana na mpaka leo inaniuma, kwa sababu nilikuwa nayaangalia yale maji kila siku na nilikuwa naona maji masafi.

Kumbe uchafu unaoua samaki hauonekani. Samaki anatoa amonia, nyingi inatokea kwenye matamvua anapopumua, na chakula kilichobaki na mavi yake vikioza vinaongeza nyingine. Amonia haina rangi, maji yanaweza kuwa kama kioo na ndani yake samaki anaungua matamvua. Na samaki wa dhahabu anakula sana na kuchafua sana, hana tumbo la kuhifadhi chakula, kinapita kwenye utumbo moja kwa moja, kwa hiyo kwenye lita 8 mambo yanaharibika ndani ya siku chache tu.

Ndio maana katika vitu vyote nilivyonunua nakipa namba moja kile kilichokuwa kidogo kuliko vyote, yaani kipimo cha matone. Ni kiboksi chenye chupa kadhaa na vichupa vyembamba vya kioo, unachota maji ya tangi mpaka kwenye mstari, unadondosha matone kama ilivyoandikwa, unasubiri dakika 5, unalinganisha rangi na kadi. Cha amonia kikibaki njano uko salama, kikianza kuwa kijani una kazi ya kufanya. Kuna cha nitraiti na cha nitreti pia, ndivyo amonia inavyogeuka ndani ya tangi, nitaeleza kwenye filta, na hapo kwenye nitreti tafadhali tikisa ile chupa ya pili kwa nguvu kabla ya kudondosha, mimi wiki za kwanza nilikuwa siitikisi nikawa napata majibu ya uongo kwamba sina nitreti kabisa. Nilijaribu na vile vikaratasi vya kuchovya, ni vya haraka lakini rangi zinafanana mno, na vile nilivyopata mimi havikuwa hata na sehemu ya amonia. Kipimo cha matone nyota 5, sina la kulalamika.

Sasa filta. Ni ile ya kuning'iniza nyuma ya tangi, ndani ina sponji mbili na mfuko wa vipande vya kauri. Boksi linasema inatosha tangi la lita 150. Labda kwa vidagaa vidogo vidogo, kwa samaki wa dhahabu haitoshi, baada ya mwezi nikaongeza filta ya pili ya sponji inayoendeshwa na pampu ya hewa na hapo ndipo mambo yakatulia. Mtu akiniuliza namwambia achukue filta iliyoandikiwa tangi mara mbili ya lake.

Lakini kilichonikasirisha hasa ni karatasi ya maelekezo. Imeandika ubadilishe sponji kila mwezi na uoshe filta yote kwa maji ya bomba. Nikafuata. Siku tatu baadae nikapima, kijani! Ndipo nilipoelewa kazi ya filta. Kuchuja takataka ni kazi yake ndogo, kazi kubwa ni kuwa nyumba ya bakteria. Bakteria wanaota kwenye sponji na kauri, kundi moja linageuza amonia kuwa nitraiti ambayo nayo ni sumu, halafu nitraiti inageuzwa kuwa nitreti ambayo samaki anaivumilia ikiwa kidogo, na hiyo ndio unaipunguza kwa kubadilisha maji. Ukitupa sponji umewatupa wote, ukiwaosha kwa maji yenye klorini umewaua. Sasa hivi nachota maji ya tangi kwenye ndoo, nakamua sponji humo, mojamoja, wiki hii moja na nyingine baada ya wiki mbili tatu, basi. Sponji zangu ni zile zile tangu nianze upya. Kwa maelekezo mabaya kiasi hicho filta naipa nyota 3, mashine yenyewe ni nzima na haina kelele.

Wale bakteria hawaji siku moja. Kwangu ilichukua wiki 5, na kwa kuwa samaki walikuwa wameshaingia ilibidi nipime kila siku na kutoa theluthi ya maji kila nikiona amonia au nitraiti inapanda. Ilichosha kwelikweli. Kama bado hujanunua samaki, washa tangi kwanza, weka chanzo cha amonia kidogo kidogo, kama chakula cha samaki kioze humo, subiri mpaka amonia na nitraiti vyote visome sifuri, ndio ulete samaki. Na maji ya bomba yawekwe dawa ya kuondoa klorini kila mara, hata ukiongeza ndoo moja.

Tangi lenyewe nimelipenda. Ni refu kwa upana, sio lile la kwenda juu, na hilo nililichagua makusudi kwa sababu hewa inaingilia kwenye uso wa maji, na lile bakuli la duara ukilijaza mpaka shingoni uso unabaki kisahani tu. Maji peke yake ni kilo 150, ongeza kioo na mchanga, kwa hiyo meza ya kawaida usithubutu, tafuta stendi na pima usawa kabla ya kujaza. Chini nimeweka mchanga laini maana hawa wanafukua fukua na kutia kila kitu mdomoni, kokoto ya saizi mbaya inaweza kumkwama kooni. Lilikuja na hita, sijaichomeka, samaki hawa wanapenda maji ya ubaridi kiasi, mimi nawaweka nyuzi 18 mpaka 22.

Wangu wana mikia miwili, watafika kama sentimita 15 hadi 20. Wale wa mkia mmoja wanaweza kufika 30, hao hata hili tangi ni dogo kwao, waende bwawani. Na yale maneno kwamba samaki anakua kulingana na chombo naomba tuyaache jamani, anayedumaa kwenye bakuli amedumazwa na maji mabaya. Samaki huyu akitunzwa anaishi miaka 10, 15, hata zaidi, kuna mmoja Uingereza aliitwa Tish aliishi miaka 43, kuanzia 1956 mpaka 1999! Yule wangu hakumaliza hata miezi miwili.

Leo asubuhi nimepima, amonia sifuri, nitraiti sifuri, nitreti miligramu 20 kwa lita. Nabadilisha robo ya maji kila wiki, chakula punje chache mara mbili kwa siku, na mara moja moja njegere iliyochemshwa na kumenywa ganda. Yule mwenye doa jeusi mgongoni alikuwa na pezi la mkia limechanikachanika tangu enzi za bakuli, limeota lote.

Tangi nyota 4. Nyota moja nimeitoa kwa ajili ya mfuniko, una uwazi mkubwa nyuma pale filta inapokaa na samaki wa dhahabu anaruka akishtuka. Nimekata kipande cha wavu wa plastiki nikakibana pale, kinashika vizuri.