ZX Spectrum kwa betri ya gari: kijibodi cha kushusha volti cha LM2596 kinatosha?

Wakuu, habari za saa hizi. Leo mezani sina simu mpya wala spika. Nina betri ya gari, N45 ya kawaida, na nina hii hapa, ngoja niisogeze kwenye kamera: ZX Spectrum, kompyuta ya Sinclair ya mwaka 1982. Vibonye vya mpira, memori kilobaiti 48. Siyo megabaiti, nimesema kilobaiti. Zilikuwa zikiundwa kule Dundee, Uskoti, kwenye kiwanda cha Timex.

Kwa nini betri? Umeme ukikatika mnajua wenyewe. Na wengi wetu tumekua na ile TV ya inchi 14 nyeusi na nyeupe iliyokuwa ikila betri ya gari, picha ikianza kusinyaa unajua kesho ni kuibeba kuipeleka kuchaji. Spectrum inakula kidogo kuliko ile TV. Hii yangu inavuta kama ampea 0.7 kwenye volti 9.

Kuna atakayesema tumia inveta. Yaani upandishe volti 12 mpaka 230, halafu adapta ya zamani izishushe tena mpaka 9? Hiyo ni kutoka Ubungo kwenda Kimara kwa kupitia Kigamboni.

Mwingine atasema chomeka tu moja kwa moja, 12 na 9 si mbali. Hapana. Ndani mna regyuleta ya 7805 inayotoa volti 5, na kinachozidi inakimwaga kama joto. Kwa volti 9 inachoma karibu wati 3. Betri iliyojaa ina 12.6, hapo unafika wati 5 na zaidi. Ukiwasha injini, alteneta inapandisha mpaka 14.4, na lile bati la kupoza litakuunguza kidole.

Ndipo anapoingia mgeni wetu wa leo: kijibodi cha bluu chenye chipu ya LM2596, kinashusha volti bila kuzichoma. Bei yake haifiki sahani mbili za chipsi mayai. Wauzaji wanakiandikia ampea 3. Mimi bila bati la kupoza nisingekivusha 2. Kwa kazi hii hakijafika hata 1, na baada ya saa mbili nakigusa hivi, ni vuguvugu tu.

Kero yake ni hii skrubu ya shaba ya kurekebishia volti. Tazameni mita: 12.3. Nazungusha kinyume cha saa... mara moja, mbili, tano, nane, mita imeganda. Hapa ndipo watu wanadhani wameuziwa kimeo. Endelea tu. Kumi, kumi na mbili, haya, imeanza kushuka. 11... 10... polepole sasa... 9.0. Fanya yote haya kabla kompyuta haijachomekwa!

Jambo la pili, nalisema kwa machungu. Plagi ya Spectrum katikati ni hasi, nje ndiyo chanya. Adapta nyingi za leo ziko kinyume chake. Mwaka jana nilichomeka kwa mazoea, nikasikia "tik", na transista inayoitwa TR4 ikaenda zake. Ndiyo inayosaidia kutengeneza volti 12 na hasi 5 za chipu za memori, kwa hiyo skrini ilibaki michirizi mitupu. Kosa langu mwenyewe. Siku hizi napima plagi kwa mita kila mara.

Na fyuzi ya ampea 2, iwe karibu kabisa na chanya ya betri. Waya zikigusana bila fyuzi, betri ya gari inayeyusha waya kabla hujasema "mama".

Skrini ni ile ndogo ya kamera ya nyuma ya gari, inakula 12 moja kwa moja. Gemu za Spectrum zilikuwa sauti kwenye kaseti, kwa hiyo napakia kwa kuzicheza kutoka kwenye simu kupitia tundu la sauti, EAR: mistari myekundu na samawati, halafu ya bluu na njano, na ule mlio wake wa kukwaruza. Jaribio la kwanza lilikataa, "R Tape loading error". Kumbe nilikuwa nachaji simu kwenye betri hiyohiyo, kelele ya chaja ikaingia kwenye sauti. Nikaichomoa, dakika kama tano gemu hili hapa. Kuna mistari hafifu inatambaa kwenye picha. Kapasita ya mikrofaradi 470 niliyoiongeza kutuliza umeme imeipunguza, haijaimaliza.

Wenye Commodore 64, kompyuta nyingine ya enzi hizo, kijibodi hiki peke yake hakiwafai. Ile inataka volti 5 za DC na 9 za AC, ni hadithi nyingine.

Nakipa nane kwa kumi. Mbili nimekata kwa ajili ya ile skrubu. Nimeiba tone la rangi ya kucha ya mke wangu nikaigandisha palepale kwenye 9.0, maana hapa nyumbani kuna mtoto wa miaka minne na bisibisi yake.