Viungo Visivyonukia: Tathmini ya Huduma ya Kusambaza Taarifa kwa Vyombo vya Habari Mtandaoni

Mteja wangu ni mama wa makamo anayefungasha na kuuza viungo vya chakula mjini Unguja, na kazi aliyonipa mwaka jana ilikuwa kumnunulia viungo. Lugha yetu imeyapa mambo haya mawili jina moja, na sikuwahi kuliona hilo kuwa la kuchekesha mpaka siku nilipomwandikia ankara. Mdalasini, iliki na pilipili manga anavyo tele dukani. Alivyokosa ni vile viungo vya kubofya, ambavyo hukaa katika tovuti za watu wengine na kumleta msomaji katika tovuti yako, na ambavyo Google huvitazama inapoamua ni ukurasa wa nani utangulie katika matokeo ya utafutaji. Tulikubaliana kujaribu njia inayonadiwa kuliko zote, nayo ni kulipia kampuni ya kigeni isambaze taarifa yetu kwa vyombo vya habari kupitia mtandao. Kampuni hiyo siitaji, kwa kuwa niliyoyaona kwake nimekwisha kuyaona, kwa tofauti ndogo, katika kampuni nyingine mbili nilizowahi kutumia kwa ajili ya wateja wengine. Ninachokipima hapa ni huduma yenyewe.

Tulilipa dola 350 kwa taarifa moja isiyozidi maneno 500, yenye picha moja na viungo viwili. Fomu ya kujaza ilikuwa nyepesi, na mhariri wao alinijibu siku hiyohiyo akinitaka niondoe sentensi moja iliyokuwa na sifa nyingi kuliko habari, jambo ambalo nalihesabu kuwa la kuwapongeza. Katika orodha ya lugha Kiswahili hakikuwemo, kwa hiyo taarifa ya mfanyabiashara wa Unguja, anayeuza zaidi ya nusu ya bidhaa zake kwa wanunuzi wa Dar es Salaam na Mombasa, ililazimika kwenda kwa Kiingereza. Nilipouliza sababu, niliambiwa kwamba wahariri wao hawawezi kuipitia lugha wasiyoisoma. Jibu hilo lilikuwa la kweli, na lilipaswa kunizindua mapema kuhusu wasomaji tuliokuwa tunawanunua.

Ili kuelewa bidhaa hii ni lazima kujua ilikotoka. Kampuni kongwe za fani hii, kama vile PR Newswire iliyoanzishwa New York mwaka 1954 na Business Wire iliyoanzishwa San Francisco mwaka 1961, zilikuwa zikipeleka taarifa za makampuni moja kwa moja katika vyumba vya habari kwa njia ya waya, na aliyezipokea alikuwa mhariri mwenye kalamu nyekundu na pipa la taka kando yake. Taarifa isiyo na habari iliishia ndani ya pipa hilo, na mwananchi wa kawaida hakuiona kamwe. Mwaka 1997 ilianzishwa PRWeb, ikaleta wazo la kuichapisha taarifa mtandaoni kama ilivyo ili isomwe na yeyote. Mwaka uliofuata Larry Page na Sergey Brin walianzisha Google kwa hoja kwamba kiungo kutoka ukurasa mmoja kwenda mwingine ni mfano wa kura, na kwamba kura ya ukurasa unaoheshimika ina uzito zaidi. Ukiyaweka mambo hayo mawili pamoja, utaona jinsi biashara mpya ilivyozaliwa: mhariri ameondoka njiani, na kila taarifa inayochapishwa inaweza kubeba kura unazojipigia mwenyewe.

Google haikukaa kimya. Mwaka 2005 yenyewe pamoja na washindani wake walikubaliana juu ya alama iitwayo nofollow, ambayo huandikwa katika msimbo wa ukurasa ili kuuambia mtambo wa utafutaji kwamba kiungo hiki kisihesabiwe kuwa kura. Desemba 2012 Matt Cutts, aliyekuwa akiongoza mapambano ya Google dhidi ya matokeo ya udanganyifu, alieleza kwamba hatarajii viungo vya taarifa za namna hii kunufaisha nafasi ya tovuti. Watu wa fani hawakumwamini hata kidogo. Walitunga neno lisilo na maana, leasreepressmm, wakaliweka katika taarifa iliyosambazwa likiwa na kiungo cha kwenda katika tovuti ya Cutts mwenyewe, na baada ya muda tovuti hiyo ikaanza kuonekana kwa anayelitafuta neno lile. Ulikuwa utani mzuri, ingawa nadhani ulithibitisha jambo dogo kuliko walivyojisifia, kwa sababu neno ambalo hakuna mwingine analiwania halihitaji nguvu nyingi kulipatia nafasi. Julai 2013 Google iliandika waziwazi katika miongozo yake kwamba viungo ambavyo maneno yake ya kubofya yamepangwa kimakusudi ili kuipandisha tovuti katika utafutaji, vinavyowekwa katika taarifa zinazosambazwa kwenye tovuti nyingine, ni miongoni mwa hila zinazokatazwa, na Mei 2014 badiliko la mfumo wake wa kupanga matokeo, lililoitwa Panda 4.0, liliambatana na kushuka kwa kishindo kwa tovuti kubwa za taarifa katika matokeo ya utafutaji. Kampuni nyingi za usambazaji zimekuwa zikiweka nofollow katika viungo vya wateja wao, na ile tuliyoilipa sisi ilikuwa mojawapo, ingawa ukurasa wa matangazo yake ulitaja neno viungo mara nyingi na neno nofollow hata mara moja haukulitaja. Ni kweli kwamba tangu mwaka 2019 Google imesema inaichukulia alama hiyo kuwa dokezo badala ya amri, na wauzaji wameing'ang'ania kauli hiyo kama mfa maji. Lakini mwaka huohuo iliongeza alama nyingine, sponsored, kwa ajili ya viungo vilivyolipiwa, na hicho chetu kama hakikulipiwa basi sijui neno kulipia lina maana gani.

Baada ya siku tatu tulipokea ripoti yenye anwani zaidi ya 200, kila moja ikiwa na nembo ya kituo cha televisheni au gazeti, na mteja wangu alifurahi sana kuona jina la duka lake limekaa chini ya nembo za vituo vya miji ya Marekani ambayo hakuwahi kuisikia. Nilifungua anwani 60 moja baada ya nyingine. Karibu zote zilikuwa nakala ileile, iliyowekwa na mitambo katika kona ya tovuti iliyotengwa kwa kazi hiyo, bila kiungo chochote kutoka ukurasa wa mbele, kiasi kwamba msomaji wa kituo hicho asingeweza kuifikia hata kama angetaka. Kadhaa zilikuwa na maelekezo katika msimbo yanayouzuia mtambo wa utafutaji usiziorodheshe. Nyingine zilikwisha kufutwa baada ya miezi mitatu. Nilipoandika kichwa cha taarifa yetu kati ya alama za kunukuu katika Google, matokeo yaliyojitokeza yalihesabika kwa vidole vya mikono miwili, kwa kuwa Google ikikuta nakala nyingi za maandishi yaleyale kwa kawaida huchagua moja ya kuionyesha na kuzificha nyingine. Zana ya Search Console, ambayo Google humpa mwenye tovuti bila malipo, ilionyesha tovuti chache mno mpya zinazotuelekea. Waliofika dukani kutoka katika anwani zote zile, kwa hesabu yetu ya mwezi mzima, walikuwa watu 14, na hakuna aliyenunua hata pakiti moja ya pilau masala.

Nilipompelekea mama hesabu hiyo alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Mwanangu, hivi viungo ulivyoninunulia mbona havinuki?" Sikuwa na jibu la kumridhisha.

Kulikuwa na takwimu moja katika ripoti ambayo inastahili kusemwa peke yake, kwa maana ndiyo inayowapumbaza wengi. Iliandikwa kwa herufi nene kwamba taarifa yetu ilikuwa na hadhira inayoweza kufikiwa ya mamilioni ya watu. Hesabu hiyo hupatikana kwa kujumlisha wageni wa tovuti zote zilizopokea nakala, kana kwamba kila aliyeingia katika gazeti kusoma matokeo ya mpira amepita pia katika kona ile isiyo na mlango. Ni sawa na mchuuzi wa Darajani kudai kwamba wateja wake ni abiria wote walioshuka bandarini siku hiyo. Wataalamu wa uhusiano wa umma wenyewe walikwisha kukubaliana, katika kanuni walizozipitisha Barcelona mwaka 2010, kwamba kinachopimwa kiwe matokeo na si wingi wa nakala, na kwamba thamani ya uchapishaji isihesabiwe kwa bei ya tangazo, yaani fedha ambazo nafasi hiyohiyo ingegharimu kama ingenunuliwa kwa tangazo. Ripoti yetu ilikuwa na safu ya bei ya tangazo.

Haki inanitaka niseme pia palipo pazuri. Kampuni ilifanya kila ilichoahidi kimaandishi, kwa wakati, na watu wake walijibu barua kwa adabu. Kwa kampuni iliyoorodheshwa katika soko la hisa, ambayo inawajibika kuwafikia wawekezaji wote kwa wakati mmoja, huduma ya aina hii ni chombo cha kazi. Marekani imekuwa na kanuni ya kuzuia habari muhimu zisiwafikie wachache kwanza tangu mwaka 2000, na makampuni ya usambazaji yamo katika mfumo huo. Vilevile, taasisi inayotangaza jambo linalogusa nchi nyingi za Afrika kwa pamoja ina sababu ya kuitazama kampuni kama APO Group, iliyoanzishwa mwaka 2007 na Nicolas Pompigne-Mognard kwa ajili ya bara hili. Na kuna faida ndogo iliyotufikia hata sisi: anayelitafuta duka la mama kwa jina lake sasa anakuta kurasa mbili tatu zinazolielezea kwa usahihi, na mnunuzi mmoja wa jumla alitwambia kwamba hilo lilimtoa wasiwasi.

Hapa kwetu kosa letu huwa la upande mwingine. Taasisi nyingi, za serikali na za binafsi, hutoa TAARIFA KWA UMMA kwa barua yenye nembo, sahihi na muhuri, kisha huipiga picha na kuirusha katika makundi ya WhatsApp na Instagram. Picha hiyo husambaa kwa saa moja kuliko taarifa yetu ilivyosambaa kwa mwezi, lakini haibebi kiungo chochote, na mwandishi anayetaka kuinukuu hana ukurasa wa kumwelekeza msomaji. Kila ninapoona taarifa nzuri ikipotea hivyo huwa natamani kumpigia simu ofisa habari wake, nimwombe aibandike kwanza katika tovuti ya ofisi, kama maandishi, kabla ya kuipiga picha.

Kilichomletea mama viungo vya kweli kilitoka ndani ya daftari lake. Kwa miaka mingi amekuwa akiandika bei ya pilipili manga, iliki na mdalasini katika soko la Darajani kila anapokwenda kununua, kwa ajili ya hesabu zake tu. Tulilihamisha daftari hilo katika ukurasa mmoja wa tovuti, likawa jedwali la mwezi kwa mwezi lenye maelezo mafupi ya mahali na namna bei zilivyochukuliwa, kisha nikawaandikia waandishi watano wa habari za biashara na chakula barua ya aya mbili, kila mmoja kwa jina lake, kwa Kiswahili au Kiingereza kulingana na anachoandikia. Wawili walijibu. Mmoja aliandika habari kuhusu kupanda kwa bei ya iliki akalitaja jedwali na kuliwekea kiungo. Mtafiti wa chuo kikuu aliisoma habari hiyo akatuelekezea kiungo kutoka ukurasa wa mradi wake. Na mpishi mmoja wa Muscat, ambaye bibi yake alitoka Unguja, akafuata bila kuombwa. Viungo vitatu tu, lakini vimeleta wateja wanaonunua, na gharama yake ilikuwa siku mbili za kazi yangu. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ningeongeza tu kwamba hata kizuri huhitaji mtu wa kubisha hodi mlango unaofaa.

Kwa anayefikiria kulipia huduma kama hii, ushauri wangu ni kumuuliza muuzaji mambo mawili kabla ya kutoa fedha: viungo vyake vina nofollow au la, na kurasa zake hukaa mtandaoni kwa muda gani. Akijibu kwamba viungo vyake havina alama hiyo na kwamba unaweza kuvijaza maneno yoyote unayotaka kuongoza nayo katika utafutaji, hiyo ni sababu ya kumkimbia, kwa kuwa anakuuzia kitu ambacho miongozo ya Google imekikataza kwa jina tangu mwaka 2013. Ukiwa na habari ya kweli, andika jina la duka lako kama lilivyo ndani ya kiungo na uachane na misemo kama "viungo bora Zanzibar kwa bei nafuu". Anayetaka kumbukumbu rasmi na ya haraka ya tangazo lake, ningeipa huduma hii alama saba kwa kumi. Anayetafuta viungo, ningeipa mbili, na moja kati ya hizo ni ya yule mhariri aliyeikata sentensi yangu.

Mwezi uliopita kampuni ilituandikia ikitupa punguzo kwa taarifa ya pili. Mama aliisoma barua hiyo, akaitia simu yake ndani ya mkoba, na akaniambia kwamba fedha hizo zitakuwa nauli ya boti ya mpwa wake, ambaye sasa huvuka kwenda Chake Chake kila mwezi ili jedwali lipate safu ya bei za Pemba.