Kompyuta ya gemu iliyoshushwa bei: ipi uchukue, ipi ni changa la macho

Wiki iliyopita mpwa wangu wa Tabata kanitumia picha WhatsApp, kompyuta ya gemu ina vioo pande mbili na mataa kama ukumbi wa harusi, bei dola 3,999 imepigwa mstari mwekundu na chini yake 2,999, halafu kaandika neno moja tu: "Mjomba?"

Sasa kwa kuwa mimi ndo niko huku Marekani na kadi ya benki itakayokatwa ni yangu, nikakaa nikaichambua. Na kwa sababu sio yeye wa kwanza kuniuliza, nimeona niandike yote hapa mara moja, akija mwingine namtumia hii.

Kwanza kabisa ile bei iliyopigwa mstari isahau, ni mapambo. Muuzaji anaweza kuandika 3,999 hata kama hakuna binadamu aliyewahi kuilipa. Kama iko Amazon fungua Keepa au CamelCamelCamel uone bei yake ya miezi iliyopita, mara nyingi utakuta hiyo "ofa ya leo tu" imekuwepo tangu mwezi juzi. Swali la maana ni moja tu, vitu vilivyomo ndani ya hilo sanduku ukivinunua kimoja kimoja vinafika shilingi ngapi?

Ya mpwa ilikuwa na kadi ya picha (ile inayochora gemu kwenye skrini) ya RTX 5080, prosesa (ubongo wa mashine) ya Core i9-14900KF, RAM (memori ya kufanyia kazi) 32GB, SSD (ya kuhifadhia mafaili) ya 1TB. Nikachukua karatasi. Kadi 999, hiyo ndo bei Nvidia, wenye chipu yake, waliyoitangaza Januari 2025 (ukiikuta dukani juu ya hapo weka ya dukani, usijidanganye). Prosesa nikaweka 400, mazabodi (bodi kuu vinakochomekwa vyote) 180, RAM 350, SSD 100, pawa saplai (ya kugawa umeme ndani) 120, ya kupoza 100, kasha lenyewe 100, Windows 139. Jumla 2,488. Wao wanataka 2,999, kwa hiyo "wamekupunguzia" elfu nzima na bado wako juu yako dola 511, yaani kama asilimia 20 hivi. Makadirio haya ni yangu, wewe weka bei za siku unayonunua, tovuti ya PCPartPicker inakujumlishia bure kabisa.

Mimi kipimo changu kiko hivi: ikizidi jumla ya vipuri kwa asilimia 10 ni bei ya haki, maana mtu kakufungia, kakupimia, na kakupa waranti ya kitu kizima, hakuna kuzungushwa kati ya muuza kadi na muuza mazabodi. Ikifika 15 naanza kuguna. Ikifika 20 nafunga ukurasa. Na ikiwa CHINI ya jumla ya vipuri, usiruke bado, kuna kitu wamekibana mahali, tutafika huko.

Umeona hiyo RAM 350? Sio kosa la kuandika. Katikati ya 2025 pea ya RAM ya 32GB, aina ya DDR5, ilikuwa inapatikana kwa kama dola 100, halafu mwaka ulivyokuwa unaisha bei ikapaa kwa sababu viwanda vinavyotengeneza hizo chipu, Samsung, SK Hynix na Micron, vinapeleka mzigo kwenye mitambo ya AI ambako ndiko kuna hela. Desemba 2025 Micron wakatangaza kabisa kwamba wanaachana na Crucial, jina lao la RAM na SSD za watu wa kawaida, ambalo nadhani nusu ya kompyuta nilizowahi kuzigusa zilikuwa nalo. Hii imegeuza hesabu, zamani kila mjuaji alikuwa anakwambia usinunue iliyofungwa tayari, funga mwenyewe, lakini leo mashine iliyofungwa na RAM iliyonunuliwa bei ya zamani inaweza kukutoka nafuu kuliko kujifungia. Upande wa pili wauzaji nao wameshtuka, wanaweka 16GB pale palipokuwa na 32, na taa zile zile na bei ile ile. Soma namba bana, usisome mataa.

Haya, orodha yangu, ya kwanza ndo ningeinunua kwa hela yangu.

1. Yenye RTX 5070 Ti na prosesa ya Ryzen 7 7800X3D au 9800X3D. Hapa ndo penye utamu. 5070 Ti na 5080 zinatoka kwenye chipu ile ile, GB203, na zote zina memori yao wenyewe ya 16GB, aina ya GDDR7, ila moja ilitangazwa 749 na nyingine 999. Kwa hiyo unaambiwa ulipe theluthi zaidi kwa kadi inayokimbia zaidi kwa kama asilimia 15, na ukikaa kwenye kiti unacheza hiyo tofauti huioni, labda ukae na kihesabu cha fremu (picha zinazopita kila sekunde) kwenye kona ya skrini. Hizo X3D zina kashe (memori ya haraka ya prosesa) kubwa iliyopachikwa pamoja na chipu na gemu zinaipenda hiyo kuliko wingi wa kori (vichwa vya kufanyia kazi), ndo maana prosesa ya kori 8 inaipita ile i9 ya kori 24 kwenye gemu nyingi na inakula umeme kidogo. Pembeni kidogo, ukikuta hiyo hiyo lakini ina Radeon RX 9070 XT (kadi ya AMD, washindani wa Nvidia, ilitoka Machi 2025 kwa bei ya kutangazwa 599, nayo ina 16GB) na imeshuka dola 200 chini ya ile ya 5070 Ti, chukua na usiangalie nyuma, isipokuwa kama kazi zako ni Blender (programu ya michoro ya 3D) au AI, huko Nvidia bado ndo mwenye nyumba.

2. Ya kizazi kilichopita inayosafishwa stoo, yaani RTX 4080 Super. Hii ilitoka Januari 2024 kwa 999, ina 16GB, na haijaachwa mbali na 5080, kinachokosekana zaidi ni ule ujanja mpya wa kuzalisha fremu tatu za bandia kwa kila moja ya kweli, ambao kusema ukweli wengine tunauzima. Shida ni kuipata. Na muuzaji asikuambie "hii ilikuwa kadi ya juu" akataka bei ya 2024, kama haijashuka chini ya ya 5070 Ti basi haijashuka. 4090 ni hadithi nyingine, ina 24GB na watu wa AI wanaigombania, kwa gemu tu huwa siipendekezi kwa bei wanazotaka.

3. Ya RTX 5080. Sio mbaya hata kidogo, nzuri sana tu, ila tofauti yake na namba moja ikizidi dola 300 waachie wenyewe.

4. Ya RTX 5090. Hapa kuna kichekesho, hii ndo kadi ambayo kununua mashine nzima kunaweza kuwa na akili kuliko kununua kadi peke yake, maana Nvidia walisema 1,999 lakini kuipata rafuni kwa hiyo bei ni kama kuota, kwa hiyo ukitoa vipuri vingine kwenye bei ya mashine unaweza kukuta kadi imekutoka nafuu kuliko mtaani. Ina 32GB na inameza mpaka wati 575 peke yake, Nvidia wenyewe wanataka pawa saplai ya wati 1,000. Kama unacheza 4K kwenye monita kali au unafanya kazi zinazokuingizia hela, sawa. Kama monita yako ni ya 1080p ndugu yangu, unanunua lori la kubebea kilo mbili za nyanya.

5. Mkiani: prosesa kubwa kadi ndogo. Hii ndo mtego mkubwa kuliko yote, wanaandika "Core i9!" kwa herufi kubwa, halafu ndani kuna RTX 5060 Ti ya 8GB. Gari la bosi injini ya bajaji. Na angalia, 5060 Ti iko ya 8GB na ya 16GB kwa jina moja, wasipoandika jua ni ya 8.

Kuhusu hizo Core i9 na i7 za Intel za kizazi cha 13 na 14, ambazo ndo hasa zinazomwagwa sasa hivi kwa "punguzo kubwa": zilikuwa na ugonjwa wa kujipelekea volti nyingi mpaka zinachakaa na kuanza kuzimisha gemu ovyo. Intel walikiri 2024, Agosti wakatoa dawa ya maikrokodi (programu ndogo ya ndani ya prosesa), 0x129, na nyingine zikafuata, wakaongeza na waranti miaka miwili. Lakini dawa inazuia tu, haiponyi iliyokwisha kuumia, na ikiwa imo ndani ya kompyuta iliyofungwa kiwandani unarudi kwa aliyekuuzia kompyuta, huendi Intel moja kwa moja. Mpya iliyofungwa na BIOS (programu ya bodi inayoiamsha mashine kabla ya Windows) mpya sikatazi. Iliyorudishwa na mteja ikakarabatiwa, hiyo hapana.

Sasa wanapobana. Pawa saplai ndo kwa kwanza, ikiandikwa "850W" bila jina la kampuni wala daraja la 80 Plus (kipimo cha kutopoteza umeme) ujue hawataki ulijue. RAM kijiti kimoja badala ya viwili, hapo unapoteza kasi bure. SSD isiyo na jina. Kioo mbele kilichozibwa kabisa, feni tatu zinavuta hewa ya ukutani.

Na mazabodi ya umbo lao wenyewe, hii imeniuma mimi. 2021 kadi zilikuwa hazipatikani, watu wa sarafu za mtandaoni wamezibeba zote, nikanunua mashine iliyofungwa tayari ili tu nipate RTX 3080 iliyomo. Kampuni siitaji. Ilinitumikia vizuri miaka miwili na nusu hivi, pawa saplai ikafa, waranti imeshaisha, nikasema sio kesi, naenda dukani nanunua ya kawaida naweka. Wapi. Plagi za kwenye bodi zao sio za kawaida, hata matundu ya skrubu hayalingani. Nikafikiria nibadili bodi, bodi ya kawaida haikai kwenye kasha lao. Nilikaa wiki tatu nawinda pawa saplai ya mtumba iliyochomolewa kwenye mashine kama yangu. Kwa hiyo siku hizi kabla ya kuangalia bei naangalia picha ya nyuma: bodi ni ATX au micro-ATX, yale maumbo ya kawaida yanayoingiliana? Pawa saplai ni ATX ya kawaida? Muuzaji akishindwa kujibu hilo kwa ndiyo au hapana nimemaliza naye.

Ikifika nyumbani una siku chache za kurudisha, zitumie, usianze na gemu. Fungua ubavu kwanza, kuna mfuko wa povu humo ndani wa kushikilia kadi njiani, watu wamewasha nao ukiwemo. Kandamiza plagi ya umeme inayoingia kwenye kadi mpaka usione mwanya, zile plagi za pini 16 zimeshayeyuka kwa watu kwa sababu hazikuingia sawasawa (na nyingine ziliyeyuka hata zikiwa zimeingia, lakini hiyo haiko mikononi mwako). Washa, fungua Task Manager, kama RAM iliuzwa kwa kasi ya 6000 na inasoma 4800 ingia BIOS uwashe EXPO au XMP (swichi ya kuipa RAM kasi yake kamili). Halafu shusha GPU-Z (programu ya kukagua kadi), tazama sehemu ya ROPs (vipande vya chipu vinavyomalizia picha): 5090 iwe 176, 5080 iwe 112, 5070 Ti iwe 96. Februari 2025 Nvidia walikubali kuna kadi chache zilitoka kiwandani zimepungua nane, na huwezi kuijua kwa macho. Ukimaliza ichezeshe gemu nzito saa mbili mfululizo huku unasikiliza feni.

Wa nyumbani mnaoagizia kupitia ndugu, mna mambo mawili zaidi. Umeme wa huku ni volti 120 na wa kwetu ni 230, pawa saplai nyingi za kisasa zinakubali 100 mpaka 240, lakini kuna za kiwandani zimeandikwa 115 tu na hiyo ukichomeka Dar ni moshi, mwambie ndugu apige picha ile lebo kabla hajalipa. Na waranti ya Marekani mara nyingi haivuki bahari, ikiharibika kusafirisha kurudi ni wewe, kwa hiyo ile asilimia 10 niliyosema unalipia waranti, ninyi ipunguzeni. Kama bei ya Dubai iko karibu, fikirini Dubai.

Na msisafirishe na kadi imo ndani. Kadi hizi nzito kama tofali, meli ikiyumba inaning'inia inavunja slot ya mazabodi.

Ile ya 2,999 hatukuichukua. Tumepata ya 7800X3D na 5070 Ti, RAM 32GB vijiti viwili, bodi ya kawaida, pawa saplai lebo imesoma 100 mpaka 240, kwa 1,899, haina mataa hata moja na dogo amenuna kidogo kwa hilo. Kadi nimeichomoa, mama yake mdogo anaondoka nayo mwezi ujao kwenye begi la mkononi imefungwa kwenye kanga mbili, kasha limeshaingia kwenye kontena.